Matofali Yangu Yananifuata

Mwanangu Hadija,

Umekwenda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu hatakuachilia mpaka ule ugali na mlenda wake na usikilize habari za kila ng'ombe aliyepata kufa katika boma lao. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa mlangoni pa stoo ya Mama Yohana tunamolala, karatasi nimeziegemeza kwenye sinia, na jua bado halijazama. Nataka nimalize kabla hujarudi, kwa sababu ukinikuta naandika utauliza, na nikianza kueleza tutagombana tena.

Jana tumegombana vya kutosha. Wewe ulisema huendi kazini Mitundu, mimi nikasema utakwenda. Ukanijibu, nikakujibu, mwisho tukanuniana kama wake wenza na chai ikapoa. Karatasi ina heri, haijibu. Humu nitasema peke yangu mpaka nichoke, na wewe utasoma ukiwa ndani ya basi, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunibishia.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kuvaa sweta na kuchagua marafiki. Mambo hayo nimekuambia tangu ulipojua kutembea, na kama hayajaingia hayaingii leo. Nataka kukuambia kwa nini unakwenda, na kwa nini huko kubaki kwako, ambako wewe unakuita kunisaidia, mimi sikutaki.

Najua kilichokuzuia. Ni maneno ya baba yako mkubwa. Amewaambia watu pale kisimani kwamba siku Hadija akipanda basi, mama yake hatamaliza mwezi, atarudi kwa ukoo kwa magoti kuomba pa kulala. Uliposikia hivyo ukaapa kwamba humpi nafasi hiyo, utabaki ubebe matofali na mimi mpaka bati la mwisho lipigiliwe. Nilifurahi, nisikudanganye. Nilikwenda nyuma ya stoo nikacheka peke yangu, maana nilijiona mimi mwenyewe nikiwa na umri wako. Halafu nikakasirika. Yule mzee hajabeba hata tofali moja la nyumba yetu, na sasa ndiye anayepanga wewe uishi wapi? Ukibaki kwa sababu yake, amekushika mkono kama vile amekufunga kamba.

Nianze mbali kidogo, univumilie.

Tembe la baba yako lilikuwa zuri alipokuwapo. Kila mwaka kabla ya mvua alipanda juu ya paa, akakwangua udongo uliochoka, akasiriba mpya. Alipofariki wewe ulikuwa bado mgongoni kwangu. Mvua zilipokaribia niliwaambia ndugu zake, wakasema watakuja. Mwaka uliofuata niliwaambia tena, wakasema watakuja. Basi nikapanda mwenyewe. Watu waliokuwa wakipita njiani walisimama kutazama mwanamke juu ya tembe, na mmoja akaniuliza kama nimepoteza kuku huko juu. Nikamwambia ndiyo, na yeye asogee asije akamwangukia kichwani.

Nilimwaga udongo mwingi kuliko aliokuwa akimwaga baba yako. Nilidhani ukizidisha udongo unazidisha usalama. Miti ya chini ikaelemewa, na katika msimu ule wa mvua kubwa paa likashuka upande wa mbuzi. Sisi wawili tulikuwa jikoni, ndiyo pona yetu. Sikujutia kupanda hata siku moja, na leo ningepanda tena. Ninachokijutia ni kwamba miaka yote ya ndoa nilimtazama mume wangu akifanya kazi ile na sikumwuliza hata neno moja, eti kwa kuwa ilikuwa kazi ya wanaume. Nilimpelekea maji ya kunywa, nikarudi jikoni. Wewe tangu utoto unauliza mpaka watu wanakereka, na mimi nilikuwa nakukataza. Nakuomba uendelee kuwakera.

Shirika lilipofika hapa Mwankoko na habari za nyumba, unakumbuka tulivyochekwa. Walisema Mwajuma anakwenda kuomba nyumba ya msaada, kesho ataomba na sahani ya kulia. Hawakujua masharti. Yule dada wa shirika alitueleza mbele ya watu wote: hakuna nyumba ya bure, kila familia itafyatua matofali yake yenyewe kwa mashine ya mkono, itafanya kazi kwenye nyumba za wenzake kwanza kabla ya kufikia yake, na mabati italipia kidogo kidogo kila baada ya mavuno. Wengi walisikia hapo wakaondoka. Mimi ndipo nilipobaki. Kitu cha bure ningekiogopa. Kushukuru nashukuru, na wale watu Mungu awape heri, lakini sikuwahi kuinamisha kichwa kwa ajili ya nyumba ile, na wewe usiinamishe chako. Tulibeba mawe ya Mama Yohana, tukachimba msingi wa Mzee Athumani, tukachekecha udongo wa watu mpaka tukakohoa vumbi jekundu. Mikono yako ilipasuka na ukaendelea kubeba.

Halafu ikaja siku ya msaragambo wetu, siku ya majirani kutusaidia kazi, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu wewe hutaji siku ile kwa adabu tu.

Zamu ya mashine ilipofika kwetu, mimi nilifanya kama wanavyofanya watu wa kwetu wakiwa na kazi ya udongo. Nilichinja kuku, nikapika togwa mapipa mazima, nikaita majirani. Walikuja wengi, hata shemeji yangu, huyo baba yako mkubwa, akaja akakaa kivulini na wazee wenzake. Fundi Elia wa shirika alikuwa ametufundisha mchanganyiko, udongo uliochekechwa, saruji kiasi, maji ya kulowanisha tu, kisha akaenda kwenye nyumba nyingine. Nilipoutazama ule udongo ukiwa karibu mkavu nikaona fundi ni kijana wa mjini asiyejua udongo wetu. Mimi nimekanyaga udongo wa tembe tangu nikiwa msichana. Udongo unaoshikana ni udongo uliolowa, unaukanyaga mpaka unalia chini ya miguu. Nikaagiza maji, na wanawake wakamwaga, na watu wakaingia kukanyaga huku wakiimba.

Wewe ulichukua konzi la udongo, ukalifinyanga, ukaliachia lianguke chini kama fundi alivyoonyesha. Likabaki donge, halikupasuka. Ukaja ukaniambia polepole, pembeni, kwa heshima:

"Mama, maji yamezidi."

Nami nikakugeukia mbele ya watu wote nikasema, "Hadija, tangu lini kifaranga kikamfundisha kuku kuchakura?" Watu wakacheka. Shemeji yangu alicheka kuliko wote. Ukashika mkono wa mashine, ukafyatua matofali mabovu siku nzima ukijua ni mabovu.

Asubuhi yake yalikuwa yamelala. Mengine yamevimba tumbo, mengine ukiyainua yanabaki mkononi nusu. Saruji yote ya awamu ile ilipotea humo. Shemeji alipita akayatazama, akasema mwanamke hajengi, mwanamke anakandika. Fundi Elia alipokuja alishika konzi la udongo akaliachia chini, akanitazama. Ilitubidi tufanye kazi nyingine kwenye nyumba za watu ili tupewe saruji nyingine, na wewe hukuninyooshea kidole hata mara moja.

Nataka uone kwamba sikukosea kwa kutojua. Nilikosea kwa kujua kitu kimoja vizuri sana nikadhani kinatosha kwa kila kitu. Huko Mitundu, utakapokuwa ukifundisha watu kufyatua, utawakuta wanawake wa namna yangu. Utaonyesha jinsi ya kuchanganya, utageuka, na mama mmoja mwenye mikono mikubwa ataagiza maji. Usimkosoe mbele ya watu, atakuita kifaranga kama nilivyokuita mimi. Mpe mashine afyatue tofali moja tu, moja, na umwache alale nalo mpaka asubuhi. Atakutafuta mwenyewe.

Sasa nije kwenye kiwanja.

Tulipochaguliwa, shirika liliuliza tutajenga wapi. Nikasema pale pale penye tembe lililoanguka, ni kwa mume wangu. Dada wa shirika akauliza kama kuna makubaliano na ukoo. Nikasema yapo. Hayakuwapo, Hadija. Nilikuwa nimekwenda kwa shemeji nikapiga goti, nikamwamkia, nikamweleza, naye akasema, "Jenga tu, mama, nani atakukataza?" Nikaona kumwomba aseme hivyo mbele ya mwenyekiti wa mtaa ni kumvunjia heshima. Mimi nililelewa hivyo, mkubwa akishasema imetosha. Heshima yangu kwake ilikuwa nzima. Sikujiuliza yake kwangu ilikuwa ya namna gani.

Alingoja. Alikaa kimya tulipochimba msingi, akakaa kimya kuta zilipopanda, akawa anapita jioni na fimbo yake kuhesabu madirisha. Kuta zilipofika juu ya madirisha, tukiwa tunasubiri lenta na mabati, ndipo akaita kikao cha ukoo. Wewe ulikuwa mlangoni, uliyasikia yote, lakini nataka uyasome kwa mkono wangu. Alisema kwa Kinyaturu, taratibu, kama mtu anayegawa nyama:

"Ndugu yangu hakuacha mtoto wa kiume. Huyu binti ni mgeni kwao, leo yupo, kesho kaolewa. Nyumba iandikwe kwa jina langu, na shemeji akae humo mpaka Mungu amchukue. Nani amemfukuza?"

Na akauliza chumba cha tatu ni cha nini. Alikuwa amekihesabu na hicho. Mtu gani, akasema, anamjengea mgeni chumba?

Wazee wakatikisa vichwa vya kukubali, na ubaya wake ni kwamba maneno yale yalisikika kama ya huruma. Sikufukuzwa. Nilipewa nyumba yangu niishi humo kama mpangaji asiyelipa. Dada wa shirika alikuwa amekwisha kusema kwamba hawaezeki nyumba yenye ugomvi wa ardhi. Ningekubali, mabati yangekuja wiki ile ile. Ningekataa, kuta zingesimama wazi na mvua ziko njiani.

Nilikaribia kukubali. Naandika hili kwa sababu siku hizi watu wananisifu, na wewe unawasikia, nisije nikakuachia hadithi ya uongo. Nilirudi kutoka kikaoni nimechoka mifupa yote, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumjibu kesho yake, maneno ya adabu, ya kushukuru. Wewe ulikuwa unasugua sufuria kwa majivu. Hukuniuliza nimeamua nini. Ulisema tu, bila kuinua uso:

"Mama, haya matofali si hayakuunganishwa kwa saruji?"

Nikakutazama. Nilikuwa nimeyapanga matofali yale kwa mikono yangu, moja juu ya lingine, kila moja likiingia tundu la mwenzake, na kamwe halikunijia wazo kwamba yanaweza kupanguliwa. Nilifikiri nyumba ikishasimama ni ya pale iliposimama, kama tembe. Tembe huwezi kulihamisha, ukilibomoa unapata udongo. Safari hii sikukuita kifaranga. Nilikaa chini karibu yako tukasugua sufuria zote, hata zile safi.

Nilikuwa na mtamba wangu, ng'ombe niliyepewa na baba yangu, si wa mahari wala wa ukoo wa mtu. Nilimpeleka kwa mume wa Mama Yohana, naye akanipa kona ya shamba lake pale karibu na mawe makubwa, na mara hii sikuona aibu kuuliza. Nilimwita mwenyekiti wa mtaa, nikaita mashahidi, yakaandikwa majina mawili, langu na lako. Mume wa Mama Yohana alishangaa kidogo kwamba simwamini. Nikamwambia namwamini sana, ndiyo maana nataka kumwamini hata akifa.

Halafu tukaenda kuchukua nyumba yetu.

Sitaisahau asubuhi ile, na natumaini wewe pia. Familia zote tulizozijengea zilikuja, bila kuchinjiwa kuku. Mzee Athumani alikuja na mkokoteni wake wa punda, mwingine akaja na wake. Fundi Elia alipofika alijishika kichwa kwa mikono miwili, akasema hajapata kuona. Akazunguka nyumba, kisha akachukua mkaa akaanza kutia alama kwenye pembe, akatuambia tuanzie juu, tusiwe na haraka, tusirushe. Tukasimama mstari, tofali linatoka mkono huu linaingia mkono ule. Nyumba ilishuka kimya kimya. Nilidhani nitalia nikiona dirisha langu linaondoka, na badala yake nilisikia njaa, nikaomba muhogo.

Shemeji alitoka kwake, pale jirani, akiwa ameshika mswaki wa mti mdomoni. Nikaweka tofali chini, nikapiga goti kama siku zote.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mke wa mdogo wangu, umechanganyikiwa? Unabomoa nyumba ya ukoo?"

"Ardhi ya ukoo hiyo hapo, shemeji, sijabeba hata kiganja chake," nikamwambia. "Matofali yangu yananifuata."

Alitazama watu, akatafuta wa kumuunga mkono, na wazee wake wa kikaoni hawakuwapo. Akarudi ndani. Ule mstari wa kwanza wa matofali ulikuwa umelala kwenye zege, hautoki, tukamwachia. Upo mpaka leo, vyumba vitatu vyenye kuta za kimo cha kuku, na mbuzi wake wanaota jua humo. Ukipita kesho asubuhi kwenda stendi angalia. Mmoja amechagua chumba chako.

Hayo ndiyo watu wanayoyasimulia. Wasichosimulia ni kwamba matofali ya pembe yaliyojazwa saruji yalivunjika, kwamba dada wa shirika alisema saruji ya msingi hutolewa mara moja tu, na kwamba alizeti yetu yote ya mwaka huu imezama ndani ya msingi wa pili. Mgongo wangu unauma. Kuta zimefika kwenye madirisha tu. Dada wa shirika ameahidi kwamba fundi akiupitisha ukuta kabla ya mvua, mabati yanakuja. Mvua zikitutangulia, sijui. Nakuandikia hivyo hivyo, sijui, kwa sababu wewe unajua kusoma mawingu kama mimi na huwezi kudanganywa.

Na ni katikati ya hali hiyo Fundi Elia akaja kusema shirika linaanza nyumba Mitundu, wanahitaji mtu wa kufundisha familia kufyatua, na anamtaka Hadija wa Mwajuma. Hakutaka mtu mwenye vyeti. Alitaka yule msichana aliyejua maji yamezidi. Wewe ukaniuliza, "Nani atabeba matofali na wewe, mama?"

Mara ya kwanza ulisema kweli sikukusikiliza. Mara ya pili nikakusikiliza, tukaokoka. Mara hii ya tatu umekosea, na nakuambia kwa heshima zote. Mama Yohana atabeba. Mzee Athumani atabeba na punda wake mvivu. Watakuja kwa sababu kuta zao zina jasho letu, langu na lako, na jasho hilo halipandi basi na wewe, linabaki hapa linafanya kazi. Na wasipokuja nitabeba mwenyewe, moja moja, na shemeji atoe kiti nje atazame. Naogopa, usidhani siogopi. Nimeogopa tangu siku ya paa la tembe, na kazi imefanyika hivyo hivyo.

Wewe ulitaka kumkomoa baba yako mkubwa kwa kubaki. Nenda. Aone kwamba binti aliyemwita mgeni ameitwa na watu wasiomjua akawafundishe kujenga. Kila nyumba itakayosimama Mitundu, habari zake zitamfikia pale kisimani, maana umbea wa Singida hauhitaji nauli.

Kuna jambo moja sijakusimulia, na ndilo lililonifanya nikatae uamuzi wa kikao, zaidi hata ya maneno yako. Nilipoolewa na kukaa miezi kadhaa, nilirudi kwetu kumwona mama, huko huko unakokula ugali leo. Nilifika uani nilikozaliwa. Nikasimama mlangoni, na miguu ikakataa kuingia. Nikapiga hodi. Hodi, nyumbani kwa baba yangu. Wifi akauliza kutoka ndani, "Nani?" Nikajitaja jina. Akanikaribisha vizuri, sina la kumlaumu, akaniwekea kigoda cha wageni na kunitengea maji kwenye kikombe cha wageni. Mahali nilipokuwa nalala palikuwa pamejaa magunia ya mtama. Usiku nilitandikiwa jikoni. Mama yangu aliona, akanyamaza, kwa kuwa na yeye aliwahi kupiga hodi kwao, na mama yake kabla yake. Nilikunywa yale maji na nikasema asante, na hasira yake ninayo mpaka leo, Hadija, haijapungua hata tone.

Basi shemeji aliposema binti ni mgeni kwao, nilikisikia kile kikombe mkononi.

Kwa hiyo sikia nilivyofanya. Wiki hii, ulipokuwa Itigi na fundi kuangalia mashine, sikupanga matofali sebuleni wala chumbani kwangu. Nilipanga chumba cha tatu. Kuta zake zimeshafika juu ya dirisha, zimepita nyumba nzima, mpaka Fundi Elia ananiuliza mbona nyumba imepanda upande mmoja. Nimemwambia ashughulike na kazi yake. Mvua zikija na mabati yakawa machache, chumba hicho kinaezekwa kwanza na mimi nitalala humo nikikutunzia. Hakitawekwa mtama. Hakitawekwa mbuzi. Hakitapangishwa kwa mwalimu, hata akilipa vizuri.

Naona vumbi njiani, nadhani ni wewe, na umebeba kitu kichwani, bila shaka bibi yako amekupa viazi vya njiani kana kwamba Mitundu hawalimi. Nakunja karatasi hizi. Kesho stendi nitalia, na nitakasirika ukinitazama, kwa hiyo tazama mbele. Kafundishe watu. Kaolewe ukitaka, usiolewe usipotaka. Kaa huko mwaka, kaa kumi.

Siku utakayorudi, ukifika mlangoni pa nyumba ile, hata iwe usiku wa manane, hata uwe na mume nyuma yako na watoto mgongoni, usipige hodi. Nikikusikia unapiga hodi sitaitikia. Sukuma mlango uingie.

Ni mimi mama yako,
Mwajuma